Kisanduku cha Kutafutia

Kendi, mchapaji wa barua za watu, alikuwa amemwapia Mzee Dabasso kwamba barua yake haitatoka ndani ya kompyuta yake ya kazi. Ilikuwa ya kuomba walinzi kutoka kamati ya usalama, maana ngamia wake wote alikuwa amewaficha karibu na Kulamawe kwa kuogopa wezi wa mifugo. Na mfugaji hasemi ovyo mifugo yake iko wapi. Hata ukimuuliza ni wangapi, atakuuliza unawatakia nini.

Leo mzee alikuja kuichukua. Kendi akaandika "Dabasso ngamia Kulamawe" kwenye kisanduku cha kutafutia faili, kile kilichokuja na kompyuta. Faili ikatokea. Chini yake zikatokea picha za ngamia, ramani ya Kulamawe na tangazo la mtu anayenunua ngamia.

Mzee akasogeza miwani. "Huyu mnunuzi ameambiwa na nani?"

"Hakuna mtu ameambiwa, mzee. Hii inatafuta ndani tu."

"Ndani ya nani?"

Kendi aliona aibu, halafu aibu ikageuka hasira. Akafunga kila kitu, akafungua orodha inayoonyesha programu zinazotumia intaneti. Akaandika D kwenye kisanduku. Orodha ikaonyesha kisanduku kimetuma kitu. Akaandika A. Kikatuma tena. Ushenzi gani huu! Umwambie mtu akuokotee kalamu chini ya meza yako mwenyewe, naye atoke barabarani kutangaza unachotafuta! Na yeye miaka yote amekilisha majina ya watu, kesi zao, hata magonjwa yao.

Akachimba kwenye mipangilio mpaka akapata swichi, imefichwa nyuma ya maneno matamu ya "kukuhudumia vizuri zaidi". Nani aliomba? Akaizima. Akaandika tena jina la mzee, herufi kwa herufi. Safari hii hakikutuma kitu.

"Nimeziba, mzee. Haiendi tena."

"Na ile imeenda, imeenda kwa nani?"

"Kwa wenye programu."

"Unawajua?"

"Hapana."

"Lakini wao wananijua mimi!" Dabasso alifoka. "Kijana yangu mwenyewe sijamwambia ngamia iko wapi. Toa mimi kwa hiyo kitu!"

Kendi akachapa barua, akafuta faili, akamgeuzia kioo ajionee.

"Hapa nimekutoa," akasema. "Huko kwao sijui mlango."

Mzee akatoa simu amwambie mchungaji ahamishe ngamia. Akaitazama. Akairudisha mfukoni, akatoka kwenda mwenyewe.