Mdhamini wa Bi Funguo

Ujumbe uliingia Dobi akiwa amezamisha mikono kwenye beseni la mashuka ya nyumba ya wageni, povu limemfika viwikoni. Akajifuta kwenye kanga, akafungua simu. "Samahani. Hujafikia vigezo vya mkopo wa nyumba. Endelea kuweka akiba." Akausoma mara ya pili, maana mtu akitukanwa kwa adabu namna ile hasikii mara moja.

"Wanasemaje?" akauliza mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa kizingitini akipanga vibanio vya nguo.

"Wanasema niendelee kuweka akiba."

"Mpaka lini? Mpaka nife mimi, au mpaka ufe wewe?"

Hasira zilikuwa zimempanda Dobi mpaka utosini, na kilichokuwa karibu ni mashuka ya watu. Akalisugua moja nusura alitoboe.

Hebu tuambizane ukweli kuhusu kikundi cha akiba alichokuwamo Dobi. Walianza wanawake kumi na mmoja, wakichanga kila Jumamosi kwa miaka tisa. Mali hawakuwa nayo. Walikuwa na neno lao tu. Mmoja akiuguliwa au akifiwa, wenzake walimlipia, naye akisimama tena alirudisha kidogo kidogo. Wenyewe waliita kubebana. Katibu wao, fundi cherehani na shoga yake Dobi wa kufa na kuzikana, alikuwa na daftari la safu tatu: kalipa, hajalipa, kabebwa. Mume wa Dobi alilazwa wiki kumi na nne, kisha akafariki, na wiki zote hizo Dobi alibebwa. Alirudisha yote, kwa kufua, mpaka kucha zikaota ukungu.

Kisha ikaja kampuni ya mikopo na maneno yake matamu. Vikundi viingizwe kwenye simu, benki zione rekodi, maskini apate mkopo anunue kiwanja asimamishe hata chumba kimoja chake. Nani angekataa? Afisa wao alikuja na kishikwambi, akaketi na Katibu siku mbili wakihamisha daftari. Kishikwambi kilikuwa na visanduku viwili tu: amelipa, hajalipa.

"Na waliobebwa niwaweke wapi?" Katibu aliuliza.

"Weka hajalipa, mama. Mfumo utaelewa."

Mfumo utaelewa, ati. Mfumo ulimwona Dobi mtu aliyekwepa malipo wiki kumi na nne mfululizo, basi.

Dobi alifunga safari mpaka ofisini siku ile ile, mikono bado inanuka sabuni. Afisa alimpa kiti, akamsikiliza, akatikisa kichwa kwa ile huruma ya mtu anayelipwa mshahara.

"Nakuelewa, mama. Lakini si mimi. Ni alama zako."

"Alama zangu umeziandika wewe."

"Mimi niliingiza tu."

"Basi zitoe."

"Kuingiza naweza. Kutoa ni kazi ya makao makuu."

Akampa namba ya makao makuu. Dobi aliipiga siku tatu. Ilimwimbia muziki mpaka salio likamwishia, wala hakutokea binadamu.

Wiki ya pili ukaja ujumbe mwingine. Mwanachama mmoja wa kikundi alikuwa ametimiza vigezo vyote, naye ni Bi Funguo. Kwa kuwa kikundi ndicho dhamana, kila mmoja abonyeze moja kukubali, mbili kukataa.

Sasa huyo Bi Funguo ni nani? Ndiye mwenye nyumba. Wanane katika kikundi, Dobi akiwemo, walikuwa wapangaji wake. Miaka mitatu nyuma aliomba kujiunga, wakaona haya kumkatalia mtu anayeshika paa lao, akawa wa kumi na mbili. Hakuwahi kubebwa hata wiki moja. Angebebwa vipi, na kodi zao ndizo zilizokuwa zikimlipia akiba? Na katika wote hao, mfumo ulimchagua yeye kuwa maskini mwaminifu asiye na nyumba. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, lakini mashine hii ilikuwa haimjui hata aliyeshiba.

Jioni ile Bi Funguo alipiga hodi, funguo zake zikilia kiunoni.

"Dobi, mwenzangu, hujabonyeza."

"Sijabonyeza."

"Nataka kuinua vyumba sita hapo nyuma. Vya saruji, vizuri. Hata wewe nitakupa kimoja, ukiiweza bei."

"Bei gani?" mama mkwe akadakia kutoka kitandani.

"Si hii ya sasa, bibi. Vitu vimepanda."

"Bi Funguo," Dobi akasema, "wewe ukishindwa kulipa, akiba yangu ndiyo inayokatwa. Ile ni pesa ya kiwanja changu. Sina nyingine."

"Nani kakwambia nitashindwa? Na mimi nikuulize, chumba hiki unalipia mpaka lini?"

Aliuliza akitabasamu. Dobi alishawahi kugombana na watu wa kila aina, wa kelele na wa matusi, lakini hakuwahi kumchukia mtu kama alivyomchukia mwanamke yule kwa tabasamu lile. Akachukua simu, akabonyeza mbili, Bi Funguo anaona.

"Umejipalia makaa," Bi Funguo akasema. "Mwisho wa mwezi nataka chumba changu."

Kesho yake majibu yakatoka. Waliokubali kumi, aliyekataa mmoja. Mkopo umepitishwa, utatolewa kwa awamu mbili. Akiba za wanachama wote zimefungwa mpaka mkopo uishe, miezi sitini.

Za wote. Na ya aliyekataa pia. Kama si wizi, basi wizi utafutiwe jina lingine.

Dobi aliingia kwa Katibu bila hodi. Cherehani ikanyamaza.

"Ulibonyeza moja?"

Katibu aliangalia kitambaa. "Nina watoto wanne kwenye chumba chake, shoga. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningekuja kukwambia kwanza."

Katibu akaanza kulia. Dobi hakumbembeleza. Alitoka bila kuaga, jambo ambalo hawakuwahi kufanyiana.

Awamu ya kwanza ililetwa chapuchapu. Ndani ya wiki tatu kuta zilipita kimo cha mtu, na vyumba viwili vya mbele vikapigwa bati. Dobi aliyaona yote akiwa kwenye beseni lake. Kila mfuko wa saruji uliposhushwa alisema kwa sauti, "Huo wangu," mama mkwe akadhani amerukwa na akili.

Siku ya mwisho wa mwezi Bi Funguo alikuja kuchukua chumba. Akakikuta kitupu, kimefagiliwa. Roho yake ikatulia, mpaka aliposikia nyundo nyuma ya nyumba.

Kwenye chumba kipya cha kwanza, ambacho hata mlango hakikuwa nacho, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa. Mabeseni yalikuwa yamepangwa ukutani, mama mkwe ameketi juu ya tofali. Dobi alikuwa anapigilia msumari wa kamba ya nguo.

"Unafanya nini kwenye nyumba yangu?"

"Pesa yangu imo humu miezi sitini," Dobi akasema. "Nimeambiwa haitoki. Basi nimeifuata."

Mafundi waliacha kuchanganya saruji. Wapangaji wakatoka mmoja mmoja, Katibu akiwa katikati yao. Bi Funguo akampigia Afisa, akaweka spika ili kila mtu asikie jinsi Dobi atakavyoaibika.

"Kuna mwanamke kavamia nyumba yangu. Njoo na askari."

"Mwanamke gani, mama? Unamfahamu?"

"Namfahamu, ndiyo. Ni mdhamini wangu."

Afisa akapunguza sauti. "Mama, ukileta askari, naye mdhamini akaandikisha malalamiko polisi, awamu ya pili inasimama. Bado hatujaitoa. Nakuomba uongee naye vizuri."

Bi Funguo aliviangalia vile vyumba vinne visivyo na bati. Dobi hakumsubiri amalize kuangalia. Alinyoosha mkono, mama mkwe akampa msumari wa pili, naye akaanza kupigilia.