Koti Moja la Mji Mzima

Mwaka jana mtaa wetu wa Kambarage uliandaa maonyesho ya picha za zamani, yakaitwa "Maisha ya Kila Siku ya Watu wa Shinyanga". Mwenyekiti wa kamati akawa Mzee Deusdedit, mnunuzi wa pamba mstaafu, mtu ambaye hata akitaka kupiga chafya hutazama kwanza kama kuna wa kumwona. Mimi nikapewa kazi ya kupitisha picha kwenye skana. Nimemaliza kidato cha nne, na kamati iliamini skana hufundishwa huko.

Siku ya tatu nikagundua kwamba maisha ya kila siku ya watu wa Shinyanga yalikuwa kuvaa koti, kushika redio na kusimama mbele ya ndege. Mchunga ng'ombe wa Kishapu: koti, redio, ndege. Muuza vitumbua: koti, redio, ndege. Hakuna aliyelima. Ng'ombe hakuonekana hata mmoja, labda walishapanda ile ndege.

Na koti lilikuwa hilo hilo. Lilikuwa na kiraka kwenye kiwiko cha kushoto, ndiyo maana mji mzima ulipiga picha umeficha mkono wa kushoto mgongoni.

Bibi yangu Lusia hakuleta picha, kwa sababu hana. Mumewe, babu Boaz, alikuwa msaidizi wa marehemu Pantaleo, mpiga picha wa sokoni. Kazi yake ilikuwa kuwavalisha wateja koti, kisha kuishika ile shuka iliyochorwa ndege isipeperushwe na upepo wa uani. Koti lilikuwa lake la harusi. Baadaye alikwenda Geita kuchimba dhahabu, shimo la mgodi, wenyewe huliita duara, likamfukia humo humo.

"Mji mzima umepigwa picha na koti lake," bibi aliniambia, "yeye hana hata moja. Na sura yake imeanza kunipotea, mjukuu wangu."

Wiki ya mwisho Wema, binti wa Pantaleo, akatuletea kopo la biskuti lililojaa negativu, zile filamu za picha zake. Kumbe baba yake alikuwa akikata kingo za picha kwa mkasi kabla ya kumpa mteja. Kwenye negativu kingo zilikuwepo, na kwenye kingo alikuwepo babu. Hapa mkono, pale sikio, kwingine mguu wenye katambuga ya tairi. Bibi alimtambua kwa kidole kidogo kilichopindwa na jembe la plau. Tukamkusanya vipande vipande siku mbili nzima, ila uso hakuna.

Negativu ya mwisho ilikuwa ya siku ambayo upepo ulishinda. Shuka imeanguka, ndege imemfunika Mzee Deusdedit kuanzia miguuni mpaka kiunoni, redio iko chini, kiraka cha koti alilovaa kinaonekana. Pembeni babu Boaz ameng'ang'ania pindo la shuka, anacheka kinywa wazi. Nyuma yao ni soko lenyewe: marobota ya pamba, akina mama na nyungo zao, na mkokoteni unaovutwa na ng'ombe, wa kwanza na wa mwisho katika maonyesho yetu.

Mzee Deusdedit alipoiona kwenye kompyuta akaniagiza niiondoe. Nikamkumbusha kuwa tunatafuta maisha ya kila siku. Akasema ile ni ajali, siyo historia, na kama ni lazima ibaki, basi nikate upande wote wa yule msaidizi na soko, nimfutie na ile shuka.

Bibi alikuwa ameketi kwenye benchi, nyuma yake.

"Baba Dorah," akamwambia mwenyekiti taratibu, "we kata tu. Ila ukimtoa mwenye koti, toa na koti lake."

Mimi ni mtoto mtiifu. Nikaanza na koti, nikalifuta. Kikabaki kichwa cha mwenyekiti kikielea juu ya ndege kama abiria aliyesahauliwa. Mzee Deusdedit akakitazama, akakohoa.

"Irudishe kama ilivyokuwa," akasema.

Siku ya ufunguzi aliwaeleza wageni kwamba shuka aliiangusha yeye kwa makusudi, ili vizazi vijavyo vilione soko. Wageni wakampigia makofi. Bibi hakupiga. Alikuwa amevuta kiti mbele ya picha ile tangu asubuhi, na nilipompelekea chai hakugeuka kunitazama.

"Alikuwa na mwanya," akasema. "Nilishausahau kabisa."