Tembo wa Afisa wa Vibali

Haya ninayosimulia ni kweli tupu. Nikikutwa na uongo hata wa punje, Mama Vifungo anikalishe kibarazani kwake nimjazie midoli pamba mpaka vidole vifanye malengelenge.

Mama Vifungo hushona midoli ya kitambaa, kila mmoja na vikorokoro vyake kama mteja alivyoagiza: miwani ya waya, viatu vya kamba, mkoba wenye zipu isiyozidi ukucha. Siku hiyo aliamka mgongo unamuuma, na kibali chake cha kufanyia kazi kibarazani kimekwisha. Asipopata muhuri kabla ya saa kumi jioni, cherehani inabebwa.

Akaenda ofisi ya vibali. Fomu zimekwisha. Akarudi tena, fomu zipo, wino wa muhuri umekauka. Mara ya tatu afisa akashusha sauti.

"Mama, binti yangu anapenda sana tembo. Mshonee mmoja, avae kama baba yake. Leo hii."

Mama Vifungo akarudi kibarazani kukata kitambaa cha kijivu.

"Yaani unamhonga kwa mikono yako mwenyewe?" wifi yake akamuuliza.

"Ningekuwa na njia nyingine ningekaa hapa? Hebu nitungie sindano."

Akashona tumbo, likamwagika juu ya mkanda kama la afisa mwenyewe. Akachonga kimuhuri cha mti, akakifunga mkononi. Kisha mfuko wa koti: akaushusha, akaushusha, ukafika magotini, mdomo wazi. Macho, ambayo yeye huyashona mwisho, akayaelekeza humo mfukoni.

"Wifi, utatuponza!"

"Kasema kama baba yake. Mimi nafuata vipimo."

Saa tisa na nusu tembo alikuwa mezani. Afisa akamgeuza, akatia mkono mfukoni, ukazama wote mpaka kwenye saa. Uso ukamwiva kwa aibu. Akagonga muhuri bila kuinua macho.

Nilitaka kuishia hapo. Ila jana nilimsomea Mama Vifungo, akaweka sindano chini.

"Aibu gani, mzee wangu? Alicheka mpaka akakohoa! Kanipa kibali cha mwezi mmoja tu, kisha kaagiza wengine wawili, wa wakubwa zake. Kasema hao mifuko iwe mirefu zaidi."

Wifi mtu akanisukumia gunia la pamba.

Nimekaa hapa tangu asubuhi. Tumbo la huyu wa pili halijai.