Mlango wa Nyuma

Fundi alikuwa amefikia usawa wa kiuno kwenye ukuta wa nyuma pale mwanamke mwenye nyumba alipokuja, akasimama juu ya tofali lililofuata na kukataa kuondoka.

"Hapa acha wazi," alisema. "Nataka mlango."

"Mlango uko mbele, mama. Tena wa mbao nzuri."

"Nataka na mwingine."

Fundi akaweka mwiko juu ya ndoo. Nyumba zote ambazo shirika liliwajengea watu waliorudi kutoka kambini zilifanana kama mapacha: vyumba viwili, madirisha mawili, mlango mmoja. Vifaa vililetwa kwa kipimo hicho, na yeye hakuwa na ubao wa ziada hata wa kuchokolea meno.

Mwanamke hakumweleza kwa nini hangeweza kulala ndani ya kuta zenye mlango mmoja. Nyumba yao iliyochomwa ilikuwa hivyo hivyo. Siku waliyovamiwa, mumewe aliuzuia mlango kwa bega, naye akapita dirishani na mtoto mgongoni, mama mkwe akimfuata kwa kutambaa. Mumewe hakutoka. Kambini alilalamikia hema kama wenzake, lakini moyoni alilipenda, kwa kuwa turubai unaliinua popote ukatoka.

Dada wa shirika alipopita kukagua, alimsikiliza, akashusha pumzi.

"Nikikupa wewe, kila jirani atataka."

"Basi toa dirisha la mbele. Mbao zake zitatosha mlango wa nyuma."

"Chumba kitakuwa giza."

"Giza halinitishi, dada."

Ikawa hivyo. Mama mkwe, ambaye magoti yake yaliharibikia safarini, alipoingizwa ndani alitazama huku na huku.

"Haya, tutakaa kama viazi ndani ya gunia," alisema, akacheka peke yake.

Siku hiyo hiyo waliyohamia, jua likiwa bado kali, mwanamke alikuwa akiosha sufuria ndani, mlango wa mbele ulipogongwa. Uligongwa kwa nguvu, mara ya pili kwa nguvu zaidi.

Hakuwaza, miguu ndiyo iliyoamua. Alimnyakua binti yake, akafungua komeo la nyuma, akatoka mbio hadi kwenye rundo la kokoto, akachuchumaa nyuma yake, kiganja juu ya kinywa cha mtoto. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mama mkwe yuko ndani.

Hofu iliyomshika sasa ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Alikuwa ametoka bila hata kugeuka nyuma. Akainuka ili arudi.

"Mwanangu!" Sauti ya mama mkwe ilitoka ndani, shwari kabisa. "Rudi. Ni fundi, kasahau ndoo yake. Ameshakwenda."

Alirudi, akamtua mtoto kwenye kitanda cha mama mkwe.

"Nisamehe, mama. Nilikuacha."

"Umekimbia vizuri. Ila usiishie pale kwenye kokoto, nimekuona kutoka hapa. Siku nyingine uende mbali zaidi."

Kisha akainuka kwa kushika ukuta, akashika mguu wa kitanda chake.

"Njoo tukisogeze. Kikae hapa nyuma ya mlango wa mbele."

"Hapo pana baridi, mama."

"Atakayeingia akutane na mimi kwanza. Nina maneno mengi, nitamchelewesha."

Mwanamke alishika upande wa pili, akavuta kuelekea mlango wa nyuma. Mama mkwe akavuta kuelekea mbele. Kitanda kilikwaruza sakafu mpya, kisiende huku wala kule, na mtoto aliyekaa juu yake, akidhani ni mchezo, akawa anacheka.

"Achia, mama."

"Achia wewe."

Hakuna aliyeachia.