Viazi Vilevile vya Maman Agathe

Goti la Maman Agathe liligoma siku ya Bikira Maria, Agosti 1956, maandamano yakiwa katikati ya mpando wa mtaa wa Kadutu, mbele ya parokia nzima. Miaka kumi na miwili alikuwa ameibeba yeye bendera ya akina mama. Siku ile jirani yake Eulalie aliipokea, na hakuipokea kimya.

"Maman Agathe, kazi yako sasa iko kukaa pa moto na kuchunga maharagi!"

Wakacheka wote. Maneno hayo yalimkaa Agathe kooni mwaka mzima.

Muuguzi alimwambia atembee kila siku. Atembee bure? Kadutu, mzee anayezungukazunguka bila mzigo huitwa kichaa au mchawi. Lakini kila aliposikia kicheko cha Eulalie nyuma ya ukuta, damu ilimchemka. Asubuhi moja akajaza viazi vitamu kitungani, akakitia mgongoni, akapitisha mkanda wake kwenye paji la uso, akapanda mlima kama mtu aendaye sokoni. Akashuka navyo. Kesho yake akapanda navyo tena, goti likimlilia, naye akilitukana goti na Eulalie kwa pamoja.

Wiki ya tatu viazi vikaanza kuchipua. Binti yake Martine akaficha kitunga.

"Maman, batu batasema mi nakunyima chakula!"

"Baseme. Leta kitunga."

Alimchukia Eulalie kwa bidii, na chuki ile ilimwamsha mapema kuliko kengele ya kanisa.

Agosti ikarudi. Eulalie, aliyekuwa amekaa kitako mwaka mzima akila sifa, aliishika bendera kwa madaha. Mcheka kilema hafi bila kumfika. Palepale kwenye mpando pumzi ilimwishia, bendera ikaanza kulala. Agathe akatoka nyuma, akaichukua, akamwinamia sikioni.

"Rudi nyumbani, maman Eulalie. Maharagi inaungua."

Akapanda mpaka mlangoni pa kanisa bila kusimama hata mara moja. Utamu wa siku ile hakuwahi kuuonja hata siku ya harusi yake.

"Sasa pumzika," Martine alimwambia, na safari hii akatii. Kwani atembee kumkomesha nani tena? Alikaa pa moto siku nne, akachunga maharage. Siku ya tano goti lilikuwa gumu, na kisasi chenyewe kimepoa. Aliogopa. Alitafuta moyoni hasira ya kumwinua, akakosa hata ya kumfukuzia kuku.

Ndipo alipoona mtu akipita nje ya mlango, ameinama, mkanda kwenye paji la uso. Alikuwa Eulalie, anahema, kitunga kimejaa viazi mgongoni. Hakusalimia. Alitupa jicho moja tu la ubaya ndani ya nyumba, akaendelea kuupanda mlima.

Agathe alikuwa amekwisha simama.

"Martine! Kitunga yangu iko wapi?"