Video za Mama, Kichwa na Mkia

Kwenye studio ya video za harusi alikofanya kazi walimwita Mkasi, na jina likamganda mpaka nyumbani. Walikuwa na haki. Ukimpa video ya saa nzima atakurudishia robo saa tamu, isiyo na hata mgeni mmoja anayejikuna. Kabla hajatazama ndani kuna nini, mkono wake ulikuwa umeshakata kichwa na mkia: zile sekunde za mwanzo kamera inapoyumba sakafuni na mtu anauliza kama imewaka, na zile za mwisho mpigaji anapotafuta kitufe cha kuizima. Takataka tupu, alisema. Bibi harusi gani amewahi kuja kudai sakafu yake?

Baba yake, dereva wa lori mstaafu, hakuwa mtu wa kuombaomba. Kwa hiyo siku alipomwambia, "Mwanangu, hebu niwekee zile video za mama yako niwe naziona mwenyewe, nisiwe nakusubiri wewe na kompyuta yako," Mkasi alijua jambo hilo limemkaa moyoni muda mrefu. Mama alikuwa amefariki mwaka juzi.

Video zilikuwa za mama kwa maana kwamba ndiye aliyezipiga. Kamera hakumwachia mtu. "Nyie mtakata watu vichwa," alikuwa akisema. Akishaanza kurekodi anajibana mdomo asiharibu video, na matokeo yake ni kwamba miaka yote ile haonekani popote, labda kidole chake mbele ya lenzi. Hilo lilimuuma sana Mkasi. Akajiapiza kwamba kama mama mwenyewe hayumo, basi kazi yake ing'arishwe iwe safi.

Akaomba kompyuta kuukuu pale studio, akaipuliza vumbi, akaitia diski mpya, akaisimamisha koridoni juu ya kabati la viatu, karibu na ruta ya intaneti. Mama Mdogo, mdogo wake marehemu, aliyekaa nyumba ya jirani na kushinda hapo kila siku, alikuja kuikagua mikono kiunoni.

"Na hili dude ni la nini?"

"Ni seva, Mama Mdogo. Video zote zinakaa humu, halafu runinga kule sebuleni inazichukua."

"Kwa hiyo ni kabati."

"Haya, ni kabati."

"Linalonguruma."

"Linalonguruma, ndiyo."

"Basi si useme kabati! Seva, seva, unatuchanganya bure."

Kila alipopata nafasi Mkasi alikaa na diski ya zamani ya mama, akasafisha video moja moja, akazipa majina na picha za mbele, akaziingiza kwenye seva. Na kwa kuwa studio walishawahi kulizwa na diski iliyokufa ghafla, hakutaka mchezo: aliifuta ile diski ya zamani yote, akaifanya ya akiba, ihifadhi nakala ya pili ya kila kitu kilichomo kwenye seva. Alijiona mjanja kweli, jamani.

Jumamosi mzee alikaa mbele ya runinga amenyoa ndevu, na shati limepigwa pasi. Mkasi akamkabidhi rimoti. Mzee akafungua video ya kwanza, lori linaoshwa uani. Akaitazama kidogo, akatoka. Akafungua ya pili, keki inakatwa. Akatoka. Ya tatu, ya nne.

"Baba, mbona humalizi hata moja?"

"Mama yako anaanzia wapi?"

"Baba, mama hayumo. Yeye ndiye aliyekuwa anapiga."

"Hiyo naijua. Lakini mwanzoni si alikuwa anasema? 'Haya, imewaka? Baba Mkasi, vuta tumbo ndani!' Mbona humu hasemi?"

Mkasi akakumbuka vichwa vyote alivyovikata.

"Umemkata," mzee alisema. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Sura yake ninayo, ile pale ukutani. Sauti ndiyo inanitoka, mwanangu. Asubuhi naamka ninayo, nikishakunywa chai siipati tena. Ndiyo maana nilikuomba."

Mkasi alikimbilia koridoni. Akaichomoa diski ya zamani, akaiunganisha na kompyuta yake, akajaribu programu za kufufua mafaili. Zikamrudishia vipande visivyofunguka. Nakala za akiba zilikuwa zimeshajiandika juu ya kila kitu. Alilia pale sakafuni kati ya viatu, na Mama Mdogo, mwenye maneno kuliko redio, akavisogeza viatu akakaa karibu naye.

Katikati ya kilio akakumbuka video moja iliyomshinda kukata, kwa sababu aliiona haina kichwa wala mkia wa kukatika. Mama alikuwa ameweka kamera mezani akasahau kuizima. Ilikuwa ndefu, na diski ya zamani ilikuwa nzito kufungua, kwa hiyo Mkasi aliihamishia kwenye kompyuta yake, akaipeleka mbele harakaharaka bila sauti, akaona kitambaa cha meza tu, akaitupa kabla haijafika mwisho. Akafungua pipa la takataka la kompyuta. Ilikuwemo. Hakuwa amelimwaga.

Aliiingiza kwenye seva kama ilivyo. Runinga ikaonyesha picha yake ya mbele: kitambaa chenye maua na ukingo wa kikombe.

"Hii ya nini?" mzee aliuliza.

"Fungua tu, baba."

Kitambaa. Kijiko kikagonga kikombe. Halafu sauti, nene kidogo, yenye kicheko kinachojificha kwenye maneno: "Mdogo wangu, huyu mzee namuweza kwa yote, ila soksi zake! Soksi zake ni kesi ya polisi!"

"Ee Mungu wangu, siku hiyo nakumbuka!" Mama Mdogo akapiga kelele, na ndani ya runinga Mama Mdogo wa zamani akavunjika mbavu kwa kucheka.

Wakakaa wote watatu wakitazama kitambaa cha meza. Mama aliwasema majirani, akamsifu mumewe kisha akamsema tena, akaimba kipande cha wimbo akakosea. Mzee alikuwa akicheka na kufuta macho kwa mkono wa shati lake la pasi. Alirudi kuwa na mkewe mchana mzima, na Mkasi alishukuru na kuumia kwa pamoja, maana alijua zile nyingine zimekwenda na hazirudi.

Mwishoni kabisa picha ikayumba. Dari, mlango, sakafu, kidole.

"Ala! Kumbe imewaka muda wote huu?"

Ikazimika. Mzee akashika rimoti, akarudisha nyuma kidogo tu.

"Ala! Kumbe imewaka muda wote huu?"

Akarudisha tena.