Pembe ya Papa kwenye Nyuzi za Besi

…na ngozi nayo iko humu, nimeigusa, vipande vine vya kupigia nyuzi za besi katika mufuko mumoja, plastiki ya kadi ya simu, bidon ya njano ya maji, ngozi ya soli, pembe, navijua vyote kwa gumba bila kufungua macho, nionyesheni mutu mwingine anayejua hivyo katika Goma hii nzima, hayuko, na Mama Wivine katika maombi yake ndiyo kwanza amefika kwa wagonjwa, "Baba, tunakuletea wagonjwa wa Katoyi, wagonjwa wa Himbi, wagonjwa wa Mugunga," wakiisha wagonjwa kuna wasafiri, kisha wajane, kisha wanafunzi wenye mitihani, mama huyu hafungui repetisio, mazoezi ya kwaya, bila kupita mji mzima nyumba kwa nyumba, vizuri, aombe, mimi nataka hizo dakika, maana akisema amina tu ni mimi, ule wimbo unafunguliwa na besi peke yake, kwaya yote imenyamaza, na pale karibu na ampli, kwenye kiti cha plastiki, Habarurema amekaa na vidole vyake kumi, amevilaza juu ya magoti kama mutu anayesubiri sahani, kijana muzuri, sisemi, anapiga vizuri kama saa ya ukutani, tiki, taka, tiki, hata kwenye wimbo wa harusi unaweza kulala… maestro Donat, mukubwa wa kwaya, amemuleta mwenyewe, akasema mbele ya soprano zote, "Ézéchiel, mutoto yangu, besi ni vidole, mediatori, hicho kipande cha kupigia, ni ya gitaa la solo, leo ninakupa wimbo moja, nikiona tena kile kipande mukononi, Habarurema anachukua gitaa," na Nabintu wa soprano akajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo akicheka, cheka dada, Jumapili ulikuwa unacheza kwa besi ya nani?

Jumapili… sawa, Jumapili pembe ilivunjika, katikati ya sadaka, watu wamesimama na bahasha mukononi, nikapiga uzi muzito na kipande kikafa kwenye vidole vyangu kama biskuti, besi ikanyamaza, kwaya ikaenda bila miguu, na mimi nikatabasamu, ningefanya nini, nikatabasamu kama mutu aliyepanga kunyamaza… lakini lile halikuwa kosa la pembe, lilikuwa kosa la musumeno wangu, na sikumwambia Donat, nilimwambia muzee tu, baba yangu, Papa alikaa mulangoni, akachukua vile vipande viwili, akavitazama kama alivyokuwa anatazama meno ya ng'ombe, akauliza, "Ulikata namna gani?" "Vile nilitaka, Papa." "Ulikata kwa upana. Pembe inakua kwa urefu, kama nywele, inakatwa kwa urefu. Na maji ya moto uliiweka?" "Maji ya moto ya nini, Papa, iko ugali?" akacheka mpaka kikohozi kikamushika, kisha akaweka sufuria mwenyewe, tukaichemsha mpaka nyumba ikanuka zizi, Mama yangu akakimbia nje na pua yake, tukakata kwa urefu, nikaisugua juu ya jiwe la volkano, kisha juu ya saruji, kisha kwa kitambaa na mafuta ya kupikia, na sasa iko humu, ndogo, nyembamba kwenye ncha, nene mgongoni, njo hii, ndiyo yenyewe…

"na wasafiri, Baba, wenye kupita njia ya Sake…"

…lakini ngozi, ngoja, tusikimbie ngozi, ngozi ina sauti ya kidole, hiyo njo shida yake na njo utamu wake, niliikata kwenye soli ya kiatu cha zamani, laini, inafichika chini ya gumba, Donat anafumba macho wimbo ukianza, kila mara anafumba, anapenda aonekane anaonja, na kwa masikio tu atasema, aa, umeona Ézéchiel, vidole, na Habarurema atabeba vidole vyake kumi arudi kwao, na hakuna mutu atajua, ni rahisi hivyo… kadi ya simu siitaki, inagonga kama meno ya mutu mwenye homa, bidon inachoka, wimbo wa kwanza mwanajeshi, wa tatu uji, na chuma nilijaribu, sarafu ya zamani, ina ukali lakini inakula nyuzi, na uzi wa besi ukikatika unangojea mutu asafiri akuletee, kwa hiyo ni ngozi na pembe, kujificha au kusikika, basi, niseme ukweli humu kichwani ambamo Donat haingii, mimi vidole sina, ninavyo, ninavyo vitano, lakini hiki cha shahada ncha yake imekufa ganzi, haiko kwetu tena, niliacha shule nikaenda kupasua mawe ya kujengea huku Katoyi, nilipasua kuliko wakubwa, waulize, siku moja jiwe likanipasua mimi, kikapona, kikabaki pale kama mugeni, ukikigusa hakijibu, nikipiga uzi nacho hakijui kama kimegusa au bado, nikipiga na mediatori gumba njo linasikia, chenyewe kinasindikiza tu, na watu wakauliza kwa nini mediatori, nikawaambia ni staili, ninyi hamujui staili, miaka miwili wameamini, hata Nabintu…

"na ubariki, Baba, vidole vya wanamuziki wetu…" na Donat anajibu amina kwa nguvu, peke yake, amina ya kunichoma, nimeisikia, maestro, vidole! mama naye, katika viungo vyote vya mwili alichagua hivyo… na Habarurema amevikunjua kidogo juu ya magoti, ili baraka iingie vizuri…

…hapana. Hapana kabisa. Pembe hii Papa alikuwa ananyweshea nayo ng'ombe dawa kule Masisi, ilikatwa ncha, unaingiza kwenye kona ya mudomo, ng'ombe anameza bila kupenda, ng'ombe wenyewe hawako tena, alipokimbia, njia nzima mpaka Mugunga aliibeba chini ya koti, ng'ombe hata moja hayuko nyuma yake, watu wakamcheka, na siku niliyomuomba kipande aliigeuza mara mbili tu, akasema, "Kata, haina tena wa kumunywesha," na mimi niende nikaifiche katika mufuko, nipige ngozi ya kiatu chini ya gumba kama mwizi wa kuku, ili mutu mumoja aliyefumba macho aridhike? mimi? Ézéchiel? akiniuliza nitamwonyesha kidole, maestro, kifinye, finya tena, kimelala, sasa niambie besi ni nini, na akitaka kumupa Habarurema gitaa ampe, lakini kwanza atasikia, wote watasikia, pembe ina joto la ngozi na ina meno pia, sauti yake itaingia chini ya ubao wa kanisa hili na kutokea kwenye magoti yao, Nabintu, shika kitabu chako…

Ngozi nimeiangusha, nimeikanyaga, iko chini ya kiatu, soli imerudi kwa soli… pembe iko nje, juu, kati ya gumba na huyu mugeni wangu, kwenye mwanga wa dirisha ina rangi ya chai, Habarurema ameiona, ana jicho moja wazi wakati wa maombi, ona huyu Mukristo, nikamukonyeza, na Donat bado amefumba, na Mama Wivine ametoka kwa wanamuziki ameingia kwa wajane, wajane ni wengi mji huu, mama, watapata wote, sina haraka tena, omba mpaka kwa madereva, hata kwa mbuzi, mukono wangu hautashuka…